Chupi Iliyoombewa

Gojo, 11 Januari 1987

Kwako mdogo wangu Chise,

Heri ya mwaka mpya, na pole na theluji ya huko Itayanagi. Huku kwetu ni baridi kavu tu, ya kupasua midomo. Mimi sijambo, isipokuwa magoti yanayonung'unika kila nikiinuka. Mwanangu Eiichi hajambo. Mkewe Mitsuyo hajambo naye, ananenepa, lakini usije ukamwambia nimeandika hivyo. Nimekutumia kaki zilizokaushwa, matunda ya mti wetu wa uani. Zenye unga mweupe mwingi nilizimenya mimi, zilizobaki ni za Mitsuyo, utaona mwenyewe tofauti. Ningekupigia simu, ila unalijua sikio langu, kwenye simu nasikia nyuki tu.

Habari ya mtaani ni kwamba Bibi Tane wa duka la tofu ametutoka, siku ya tatu ya mwaka mpya. Alikabwa na mochi, lile donge la wali linalonata. Alikuwa anacheka na wajukuu, akameza, akaenda. Msibani sisi wazee tulikaa tumeinamisha vichwa kwa heshima zote, lakini nikuambie kweli, tulikuwa tunamwonea wivu. Bibi Okuni alininong'oneza, "Umemwona mwenzetu? Hata supu yake haikupoa."

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Lipo hekalu huku Nara ambako wazee huenda kuomba waondoke ghafla, bila kulala kitandani, bila kusumbua mtu. Unapeleka chupi yako, mtawa anaiombea, unarudi unaivaa. Basi. Sehemu za chini hazitakuaibisha, na siku ikifika unazimika kama mshumaa. Usicheke. Chama chetu cha wazee kimekodi basi kwenda huko siku ya kuwaombea wafu, mwezi wa Machi. Njoo twende wote, ulale kwangu hata mwezi mzima. Ni miaka saba hatujaonana, tangu mazishi ya mumeo. Ukishindwa kuja, nitumie chupi yako moja uiandike jina, nitakupelekea.

Mimi sina mzaha na jambo hili. Bibi Kishimoto wa nyumba ya kona amelala mwaka wa pili sasa. Mkamwana wake anamgeuza na kumsugua kama figili. Juzi nilipita kupeleka achari, harufu ikanipokea mlangoni, nikaiacha achari kizingitini nikaondoka. Mtu mwenye haya zake angekuwa ameshakufa.

Jibu upesi.

Dada yako,
Masu


Itayanagi, 2 Februari 1987

Dada yangu Masu,

Nimepokea barua na kaki, ahsante. Tofauti nimeiona, ila Fusae amesema za Mitsuyo ni tamu zaidi, nami siwezi kugombana na mkamwana wangu wakati huu wa baridi. Theluji imefika dirishani. Mwanangu Tetsuo anapanda paa kuiondoa, Fusae anasimama chini akimwambia anavyokosea. Miti ya matufaha wataanza kuipogoa mwezi huu. Wote wazima.

Nimempa Bibi Tane ubani kwa mbali. Nakumbuka alivyokuwa akitupimia tofu, kidole chake kikiwa ndani ya maji.

Mimi nipo. Mchana nasikiliza mieleka ya sumo kwenye redio. Yule kijana mnene wa kijiji cha jirani, aliyepanda daraja la juu mwaka jana, amepigwa karibu kila siku. Akisukumwa nje ya duara, mtangazaji anasema "ametoka" kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu. Namhurumia. Nasubiri mashindano ya Machi nione kama amejifunza chochote.

Safari ya Machi sitaiweza. Theluji bado itakuwepo, na Tetsuo ana kazi nyingi. Nisalimie makaburi ya baba na mama.

Samahani kwa penseli. Wino huku unaganda.

Chise


Gojo, 1 Machi 1987

Mdogo wangu Chise,

Salamu sana. Maua ya mpulamu yametoka nyuma ya bafu, mekundu upande mmoja na meupe upande mwingine, kama kawaida yake ya kutojua anataka nini. Eiichi ana mafua. Mitsuyo ananiambia nivae soksi mbili mbili, nami navaa moja ili ajue bado nina akili zangu.

Barua yako niliisoma mara tatu nikitafuta chupi. Haimo. Umeniandikia habari za kijana mnene, umeniandikia kidole cha Tane, jambo lenyewe umelipita kando. Najua ni maringo. Mjane wa mkuu wa stesheni hawezi kutuma chupi yake kwa posta, watu wa posta watasemaje. Na wino unaoganda ndani ya nyumba yenye jiko la mafuta, huo ni wino wa wapi? Mwalimu wetu angekuchapa kwa penseli hiyo.

Basi sikiliza. Nitanunua chupi mpya, ya pamba, niandike mwenyewe jina lako. Kiuno chako nakijua, tulizaliwa tumbo moja.

Na mwezi wa Mei, matufaha yakichanua, nitakuja huko. Eiichi ataniweka kwenye treni ya kulala pale Osaka. Usikatae. Tuna umri ambao mtu akisema "mwakani" anachekwa.

Juzi kwenye mkutano wa chama niliwachekesha watu. Nilimwambia Mitsuyo mbele ya wote, "Siku nikianguka, usimwite daktari. Maliza kwanza kupika wali, ule, ndipo uje uniangalie." Bibi Okuni alicheka hadi meno yake ya bandia yakadondoka kwenye chai. Mitsuyo hakucheka. Siku hizi vijana hawana utani.

Dada yako,
Masu


Gojo, 25 Machi 1987

Chise,

Hujajibu, lakini sikungoja. Fungua kifurushi ukiwa peke yako.

Tulikuwa wazee watupu ndani ya basi, kila mmoja ana mfuko wa kitambaa mapajani na humo chupi. Kijana dereva alikaza macho barabarani tu. Hekaluni tulizipanga kwenye sinia mbele ya Buddha, nyeupe, za waridi, moja ya Bibi Okuni ina maua, akasema alipewa zawadi. Mtawa ni kijana, kichwa kinang'aa. Akasoma, akapiga kengele, kisha akapita akimgusa kila mtu kiunoni kwa fimbo ya maombi. Aliponifikia nilimwambia, "Piga na ya pili, mdogo wangu yuko kaskazini, Aomori." Akapiga mara mbili. Watu walicheka, lakini mimi machozi yalinitoka kidogo, sijui kwa nini.

Ya kwangu nimeivaa. Ya kwako ndiyo hii. Ivae, Chise. Nataka tuondoke vizuri sisi wawili, watu waseme watoto wa Nara hawakumsumbua mtu.

Ulisikia Kishimoto? Bado yupo.

Masu


Itayanagi, 20 Aprili 1987

Dada Masu,

Habari za siku nyingi. Theluji inayeyuka, uani ni tope tupu, paka ameingia na miguu yake yote minne kwenye mkeka na Fusae amemsema hadi nimemwonea huruma. Tetsuo hajambo. Eiichi amepona mafua?

Kifurushi kimefika. Ahsante kwa taabu uliyojipa. Nimekiweka mahali pazuri.

Mei usije. Nyumba inatengenezwa, hapatakuwa na mahali pa kulala mgeni. Nitakuandikia wakati mzuri ukifika.

Yule kijana mnene alishinda siku nne za Machi. Si haba.

Nilitaka kukuuliza, huyo Bibi Kishimoto ana redio?

Chise


Gojo, 14 Juni 1987

Chise mdogo wangu,

Samahani kwa penseli.

Mvua za Juni zimeanza, tope limejaa hadi kwenye ngazi. Eiichi hajambo. Mitsuyo hajambo, na mara hii sitaandika neno baya juu yake, utaona kwa nini.

Sikuja Mei, na si kwa sababu ulinikataza. Nilipanga nije vilevile. Lakini mwanzoni mwa Mei nilikuwa nimekaa jikoni namenya njegere, Mitsuyo alikuwa anapika wali wa kuchanganya nazo. Kifua kikanibana. Mkono ukaniuma hadi kwenye meno. Nikaanguka ubavu, njegere zikatawanyika sakafuni zote.

Sasa nitakuandikia kitu ambacho sijamwambia mtu, ingawa mtaa mzima unakijua. Mitsuyo aligeuka kwanza azime moto wa wali. Ni kitambo cha kugeuza mkono tu. Nami nikapiga kelele, "Achana na wali! Nakufa! Mwite daktari, niokoe, Mitsuyo, niokoe!" Nilimshika aproni hadi ikachanika. Sauti ilitoka ambayo sikujua ninayo. Majirani walitoka nje. Bibi Okuni alisimama getini kwetu, alisikia yote. Gari la wagonjwa likaja na king'ora chake, na mimi ndani yake nikiwaomba wale vijana wasiniache nife, nikiwaita "baba". Wana umri wa wajukuu zangu.

Chupi iliyoombewa nilikuwa nimeivaa. Muuguzi aliikata kwa mkasi kwa sababu nilikuwa nimeilowesha.

Naona haya, Chise. Nimeomba kifo hadharani kwa miaka mingi kama mtu anayeagiza samaki, kilipokuja kuchungulia nilikikimbia hadi nikachana aproni ya mtoto wa watu. Bibi Okuni alikuja kunitazama na machungwa. Akanimenyea moja, akaenda zake. Afadhali angenicheka.

Daktari alisema nilale wiki nyingi bila kuinuka. Mitsuyo ananiosha. Ananivalisha nepi, ananifungua, ananifunga. Mara ya kwanza niligeuza uso ukutani nikalia, yeye akasema tu, "Mama, inua kidogo," kama anayesogeza meza. Harufu niliyoikimbia kwa Kishimoto sasa ni ya kwangu.

Juzi nilitaka kukuandikia. Nikamwomba Mitsuyo kalamu yangu ya wino, nikashika karatasi juu ya kifua. Maneno mawili, wino ukakatika. Nikaitikisa, ikaandika nusu ya neno, ikakatika tena. Mitsuyo akasema, "Mama, kalamu haiandiki ukilala chali, wino unarudi nyuma," akaniletea penseli.

Niliandika mistari miwili kwa ile penseli. Kisha nikamwambia aniletee barua zako za mwaka huu kutoka kwenye kisanduku. Zote za penseli. Mistari inapanda juu upande wa kulia, kama hii yangu.

Chise, tangu lini umelala chali?

Na kama ni kweli ninavyofikiri, nisamehe kwa niliyoandika Januari. Nisamehe na ya Machi. Nimeyasoma tena akilini neno kwa neno, na kila neno limekuja kukaa na mimi humu kitandani.

Masu


Itayanagi, 25 Juni 1987

Dada yangu,

Pole sana. Fusae alinisomea barua yako kwa sauti kwa sababu miwani yangu ilikuwa inaoshwa, kwa hiyo naye amejua yote, na alilia kabla yangu. Anakusalimu. Tetsuo amesema nikuambie nyumba haitengenezwi. Hakupenda nilipomtumia kudanganya.

Ni tangu Oktoba ya mwaka juzi. Nilikuwa bustanini nageuza matufaha yapate jua upande wa pili. Kiharusi. Upande wa kushoto umekufa, mguu na mkono, na mdomo unavuta kidogo. Niliwaambia wasikuandikie. Wewe ndiye uliyenifundisha kuoga, ulinibeba mgongoni hadi nikawa mkubwa wa kuchekwa. Sikutaka unikute nimerudi kuwa mtoto. Ikapita miezi mitatu, ikapita sita, na uongo ukishakaa ndani ya nyumba unakuwa kama jamaa, huwezi kumfukuza.

Kisha ikaja barua ya Januari. Uliandika, mtu mwenye haya zake angekuwa ameshakufa. Fusae alikuwa amenigeuza upande, ananipaka poda mgongoni, nami nimeshika barua kwa mkono wa kulia. Nilimwambia dada yangu anasema kaki ziliwe mapema. Sikukasirika. Uliandika kile ambacho mimi mwenyewe ningekiandika kama ningekuwa na miguu. Hilo ndilo lililoniuma.

Sasa kwa kuwa tumelala wote, mimi ni mkubwa wako kwa jambo hili, nisikilize. Usigeuze uso ukutani. Ukigeuza, Mitsuyo atadhani umemkasirikia, na kazi itakuwa nzito mara mbili. Mwangalie. Mwulize samaki wa leo wamekuwaje sokoni. Mwambie maji yawe ya moto kupita unavyotaka, maana yatapoa kabla hajafika mgongoni. Na akisema inua, toa pumzi, usiivute. Mimi na Fusae tuligombana tangu alipoolewa, juu ya chumvi, juu ya jinsi ya kukunja mataulo. Tumekuja kupatana hapa, kwenye beseni. Jana aliniambia mambo ya mama yake ambayo Tetsuo hajui.

Kuoshwa sikuonei haya tena, au naona haya asubuhi tu, kisha inapita. Ninaloonea haya ni lingine na sijalisema kwa mtu.

Chupi yako sikuivaa. Nilipoifungua nikaona jina langu kwa mwandiko wako, nilishikwa na hofu hadi Fusae akadhani nimepata kiharusi cha pili. Nilimwambia aiweke mbali. Akaiweka kabatini. Nikasema mbali zaidi. Akaipeleka ghala la matufaha. Usiku niliwaza, pengine maombi yana miguu.

Sitaki kuondoka ghafla, dada. Nalala hapa, nanuka, Fusae ameharibika mgongo kwa sababu yangu, Tetsuo ameacha kwenda kuvua samaki Jumapili ili amsaidie kunibeba hadi bafuni. Mtu mwema angetaka kuwapumzisha. Mimi nataka kujua kama kijana mnene atashinda Julai. Nataka kaki zako za mwaka ujao. Asubuhi Fusae anafungua dirisha na naona tawi moja la tufaha, moja tu, nami nafurahi kama mpumbavu. Naona haya kufurahi. Kila nikisikia nyayo zake zinachoka ngazini, najiambia leo nitaacha kutaka, na chakula kikija nauliza ni samaki gani.

Kwa hiyo ulipopiga kelele "achana na wali", nilicheka na kulia. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Chise


Gojo, 24 Septemba 1987

Mdogo wangu Chise,

Nakuandikia kwa wino, nimekaa. Utaona doa hapo juu, ni furaha tu. Joto limevunjika, kaki zimeanza kupata rangi. Eiichi hajambo. Mitsuyo ameniambia samaki wa leo walikuwa ghali na macho yao hayakumpendeza. Tunaongea samaki kila asubuhi, nimekuwa mtaalamu. Natembea na fimbo hadi getini. Nepi bado navaa nikitoka, nimeshazoea, zinatia joto.

Nilikwenda kwa Bibi Kishimoto. Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri wa hatua chache zile. Uliuliza kama ana redio. Hakuwa nayo. Miaka miwili na nusu anaangalia dari, na mimi naishi nyumba ya tatu. Nilimpelekea ya kwangu. Nilitaka nimwombe radhi, nikashindwa, nikasema, "Nimekuletea redio, inakoroma kidogo." Akasema, "Achari yako ya Januari ilikuwa na chumvi nyingi." Alijua ni mimi niliyeiacha kizingitini. Sikuwa na pa kuweka uso wangu. Nikamwinulia mto.

Na jana nilirudi hekaluni. Eiichi alinipeleka kwa gari, akakaa nje na gazeti lake, hakutaka kusikia. Mtawa ni yule yule.

"Mama, umekuja kuombewa?"

"Nimeshaombewa Machi. Nimekuja kufuta."

"Kufuta nini?"

"Maombi ya mdogo wangu. Niliyaomba bila kumwuliza, kumbe hakuyataka."

Akakuna kile kichwa chake. "Mama, hayo hatuna. Hajawahi kurudi mtu kuomba yafutwe."

"Labda waliotaka kurudi walikuwa wameshakufa."

Akacheka, kisha akaona aibu ya kucheka mbele ya Buddha. Akasema hiyo chupi irudishwe, wataichoma kwa heshima pamoja na hirizi kuukuu. "Na mdogo wako tumwombee nini badala yake?"

Nikasema, "Aombewe asikie mieleka ya Novemba."

"Ya Fukuoka? Mimi pia huisikiliza." Akakaa sawa, akasoma muda mrefu, zaidi ya Machi. Alipomaliza akanigeukia. "Na wewe, mama?"

Chise, nilishikwa na haya mbele ya kijana yule kuliko nilivyoshikwa mbele ya nepi. Bibi mzima wa miaka themanini na moja, mjane, nyumba yenyewe ndogo, mkamwana amechoka. Niliangalia mkeka. Nikasema kwa sauti ya chini, "Na mimi hivyo hivyo." Hakunicheka. Akasoma tena.

Sasa nakuomba kitu, na mara hii nakuuliza kabla. Eiichi yuko tayari kunileta mwezi wa Oktoba, wakati wa kuvuna. Sitakaa siku nyingi. Ukisema nisije, sitakuja, na sitanung'unika, au nitanung'unika kwa Mitsuyo tu. Lakini nataka kukuona ulivyo. Si ulivyokuwa.

Dada yako,
Masu


Itayanagi, 6 Oktoba 1987

Dada Masu,

Salamu kwa wote, na hasa kwa Bibi Kishimoto. Mwambie ageuze redio iangalie dirisha, haitakoroma.

Kijana mnene ameshindwa Septemba vibaya mno, amerudishwa daraja la chini. Redio haitangazi tena mechi zake. Tetsuo ataninunulia gazeti la wilaya.

Chupi haiwezi kurudi hekaluni. Fusae alikuwa amesahau kuwa ndiyo ile aliyoipeleka, aliikuta ghalani, akaona pamba safi, na wiki mbili sasa anafutia matufaha yanayokwenda sokoni. Nilipomwambia, alikaa chini kwenye sanduku akashika kichwa. Yanang'aa kweli mwaka huu. Nawaombea watakaoyala.

Mdomo wangu unavuta upande wa kushoto, usishtuke ukiingia. Nikicheka, mate yanatoka. Nikilia pia. Chumba kinanuka ingawa Fusae anafungua madirisha hadi tunagandishwa. Nimekuandikia yote ili usije ukasema sikukuambia.

Njoo. Treni ya kulala inafika asubuhi, Tetsuo atawapokea stesheni. Fusae alitaka anioshe mapema siku hiyo, anivalishe vizuri, anichane nywele, ili unikute mtu. Nimemwambia asiniguse hadi ufike. Bega la kushoto ndilo zito, utalishika hilo. Maji atayachemsha yeye, wewe njoo tu na mikono yako.

Chise